Basi linaondoka treni ikiingia: barua ya wazi kwa wakurugenzi wa treni na mabasi

Kwa Mkurugenzi wa Huduma za Treni,
Na kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mabasi.

Waheshimiwa,

YAH: RATIBA ZENU MBILI NA SAFARI YETU MOJA

Nawasalimu kwa heshima. Barua hii nimewaandikia nyote wawili kwa pamoja, na nimefanya hivyo makusudi. Mara ya kwanza nilipopeleka malalamiko yangu ofisi ya treni, niliambiwa suala la basi ni la ofisi ya mabasi. Nikaenda. Ofisi ya mabasi ikanijibu kwamba muda wa treni kuingia hauko mikononi mwao. Nikaandika tena pande zote mbili, nikapewa namba ya kumbukumbu, nikaambiwa nisubiri. Nimesubiri miezi saba. Sasa nasema hadharani, ili angalau msome karatasi moja kwa wakati mmoja.

Mimi ni abiria wa kila siku. Asubuhi napanda basi hadi stesheni, kisha treni hadi kazini. Jioni narudi kwa njia ileile. Kwenye vitabu vyenu hizo ni huduma mbili za ofisi mbili. Kwangu ni safari moja, inaanzia mlangoni na kuishia mlangoni. Malalamiko yangu yote yanatoka hapo: mnapanga ratiba ya kila chombo peke yake, na hakuna aliyepewa kazi ya kupanga safari ya mtu.

1. Basi linaondoka treni ikiingia

Treni ya jioni, kwa ratiba yenu, inaingia stesheni yetu saa 1:38 usiku. Basi la kuelekea kwetu linaondoka nje ya stesheni saa 1:40. Linalofuata ni la saa 2:40. Kutoka jukwaani hadi kituo cha basi kuna ngazi za kupanda, daraja la kuvuka juu ya reli, ngazi za kushuka, na geti moja la tiketi linalopitisha mtu mmoja mmoja. Nimepima kwa saa yangu mara kadhaa. Kijana anayetembea haraka, asiye na mzigo, anatumia dakika nne. Maana yake ni kwamba hata treni ikiingia kwa dakika ileile iliyoandikwa, hakuna binadamu wa kulidiriki basi lile.

Zamani basi hilo lilikuwa linaondoka saa 1:55. Likawahishwa robo saa. Dereva mmoja aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba waliwahisha ili gari liwe limesharudi yadi kabla zamu yake haijaisha. Sina ugomvi na dereva. Naye ana watu wanaomsubiri nyumbani. Kinachoniuma ni kwamba aliyekaa mezani akaibadilisha namba ile hakunyanyua simu kuuliza treni inaingia saa ngapi.

Jioni moja ya mvua tulikuwa juu ya lile daraja, watu ishirini hivi, tukaziona taa nyekundu za nyuma ya basi zikikata kona. Mbele yangu alikuwepo mama aliyebeba mtoto mgongoni, mkononi ameshika kiatu cha mtoto kilichomvuka wakati mama anakimbilia ngazi. Alisimama. Akamshusha mtoto, akamvisha kiatu taratibu, akafunga kamba, akaifungua, akaifunga tena vizuri, maana haraka haikuwa na kazi tena. Ndani ya basi lile, nilivyoona kupitia vioo, walikuwemo abiria watatu.

Mahali ambapo basi linapita kila dakika 5, mtu hahitaji ratiba. Anatoka, anasimama, anapanda. Lakini basi likiwa la kila saa, ratiba ndiyo huduma yenyewe. Ukimkosesha mtu basi kwa dakika mbili, umemchukulia saa nzima ya maisha yake, na jioni inayofuata unamchukulia nyingine.

Jambo hili lina dawa inayojulikana. Mei 1982 Uswisi ilianzisha ratiba ya mapigo: treni za njia kuu zikawa zinatoka kila saa, kwa dakika ileile, asubuhi hadi usiku, mtu akikariri dakika moja amekariri siku nzima. Mwaka 1987 wananchi wao wakapiga kura kuukubali mpango wa Reli 2000, na mwaka 2004 awamu yake ya kwanza ikaanza kufanya kazi. Ndani yake treni za pande zote huingia kwenye stesheni kubwa muda mfupi kabla ya saa kamili, na hutoka muda mfupi baada ya saa kamili, ili watu wabadilishe magari katikati. Safari ya Zürich hadi Bern ilikuwa dakika 69; wakajenga reli mpya ikawa 56. Kwa nini 56 na si 40? Kwa sababu walichohitaji ni kuwa chini ya saa moja, abiria awahi kuunganisha upande wa pili. Waliandika ratiba kwanza, kisha ndipo wakajua reli gani ijengwe. Na kwenye vijiji, mabasi ya njano ya posta huisubiri treni nje ya stesheni.

Siombi Uswisi. Naomba robo saa yetu irudi.

2. Mnahesabu vyombo, hamhesabu watu

Kila mwaka tunasoma kwamba huduma zenu zinakwenda vizuri kwa wakati. Siwatuhumu kusema uongo. Nasema kipimo ni kibovu.

Reli nyingi duniani huipa treni dakika kadhaa za msamaha kabla ya kuihesabu kuwa imechelewa. Ujerumani, kwa mfano, treni iliyochelewa chini ya dakika 6 huhesabiwa imefika kwa wakati, na ile iliyofutwa kabisa haiingii kwenye hesabu hiyo. Sasa chukueni jioni yangu ya kawaida. Treni imechelewa dakika nne: kwenye kitabu, imewahi. Basi limeondoka dakika yake: limewahi. Vitabu vyote viwili ni safi, na mimi nimefika nyumbani saa moja baadaye, mtoto ameshalala.

Hata mkifanya kazi nzuri kweli, hesabu ya vyombo inaficha mambo. Kila chombo kikiwahi mara 9 kati ya 10, safari ya vyombo viwili itafanikiwa kama mara 8 tu kati ya 10, na ya vyombo vitatu kama mara 7. Na wanaobadilisha magari mara nyingi ndio wanaokaa mbali.

Ni hivyohivyo kwa mabasi yanayofuatana. Njia yenye basi kila dakika 20, mtu akifika kituoni bila kuangalia saa atasubiri wastani wa dakika 10. Mabasi yaleyale yakianza kuja mawili mawili kila dakika 40, idadi ya safari haijapungua hata moja, ila wastani wa kusubiri umekuwa dakika 20, na lile la pili linapita tupu. Ripoti yenu itaandika kwamba safari zote zilifanyika.

Reli ya Uswisi hupima pia ni asilimia ngapi ya miunganiko ilifanikiwa, yaani abiria aliyeshuka chombo kimoja aliwahi kinachofuata. Hicho ndicho kipimo ninachokiomba. Na kwa abiria wa treni wa Umoja wa Ulaya, mwenye tiketi moja ya safari ya kuunganisha ucheleweshaji wake hupimwa pale safari inapoishia: akichelewa dakika 60 hadi 119 ana haki ya kudai robo ya nauli, na kuanzia dakika 120 anadai nusu. Yaani walikubali kisheria kwamba saa iliyopotea stesheni ya katikati ni saa iliyopotea.

3. Saa ipi, na siku ipi?

Ratiba ya treni imeandikwa kwa mtindo wa saa 24: 19:38, ambayo sisi tunaisoma saa 1:38 usiku. Sawa, tumezoea. Lakini tangazo la basi lililobandikwa ukutani hapohapo limeandika "saa 12:30" tu. Anayesoma kwa Kiswahili ataelewa ni saa kumi na mbili na nusu, na bado atajiuliza ni ya alfajiri au ya jioni. Anayelisoma kwa mtindo wa ratiba ya treni ataelewa ni saa sita na nusu mchana. Ni maandishi yaleyale, na tofauti ni saa sita. Nimemkuta mzee wa watu ameketi pale na mkoba wake tangu mchana, analisubiri basi la jioni, na hakuna aliyemwambia.

Tena kuna treni ya "Ijumaa 00:20". Naomba mnijibu: ni usiku wa kuamkia Ijumaa, au usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi? Nimewauliza wafanyakazi wenu wawili, nikapata majibu mawili.

Hili halikuanza leo. Mwaka 1876, mhandisi wa reli kutoka Kanada, Sandford Fleming, alikosa treni huko Ayalandi kwa sababu ratiba iliyochapishwa ilionyesha jioni badala ya asubuhi. Akalala stesheni. Baada ya hapo akawa miongoni mwa watu waliopigania sana dunia iwe na utaratibu mmoja wa saa. Na tarehe 18 Novemba 1883, kampuni za reli za Marekani na Kanada, zilizokuwa zikishindana kwa kila kitu, zilikubaliana kurekebisha saa zao kwa pamoja, na miji ikafuata. Bara zima lilirekebisha saa ili treni zisomeke. Nyinyi mnatenganishwa na ukuta mmoja wa stesheni.

4. Gari la mwisho

Hili ni fupi. Basi la mwisho linaondoka kabla treni ya mwisho haijaingia. Mtu wa zamu ya jioni akipanda treni hiyo, mmemfikisha nusu ya njia usiku. Treni ya mwisho bila basi la mwisho msiiandike kama huduma kwa watu wa upande wetu.

5. Karatasi juu ya karatasi

Ubao wa matangazo wa stesheni yetu una ratiba tatu, moja imebandikwa juu ya nyingine kwa gundi ya utepe. Ya juu imechanika pembeni, ya kati inachungulia, na ya chini bado inasomeka tarehe. Kwenye ile ya juu mfanyakazi mmoja, Mungu ambariki, amekata muda kwa kalamu ya wino wa bluu na kuandika mwingine pembeni, kisha akaandika "ulizia". Huyo ndiye mtu pekee katika mfumo wenu wote aliyejaribu kuniambia ukweli, na hakuagizwa na mtu.

Mara tatu mwaka huu ratiba imebadilika bila taarifa ya hata wiki moja. Tunagundua kwa kukosa gari. Ratiba inayobadilishwa dakika za mwisho haimuumizi abiria peke yake; inaangusha hata waendeshaji. Uingereza walijionea tarehe 20 Mei 2018. Ratiba mpya ilichelewa kukamilika, madereva hawakuwa wamepata muda wa kutosha kujifunza njia mpya, na mamia ya treni yakafutwa kila siku kwa wiki kadhaa. Msimamizi wa reli wa nchi hiyo alipochunguza alikuta kwamba hakuna aliyeshika hatamu. Kila mmoja alidhani mwenzake anasimamia. Niliposoma hayo niliikumbuka namba yangu ya kumbukumbu.

6. Programu ya simu haiwezi kujua msichokiandika

Nimeambiwa nitumie programu ya simu. Naitumia. Inanionyesha basi la saa 1:55, lile lililowahishwa. Programu haipigi ramli, inasoma mlichoipa. Tangu mwaka 2005, mamlaka ya usafiri ya Portland, Marekani, ilipokaa na Google kutengeneza muundo wa data za ratiba unaojulikana leo kama GTFS, jambo hili halihitaji mitambo mikubwa. Ni mafaili ya maandishi ya kawaida: vituo, njia, safari, muda wa kila kituo, siku za huduma. Hata lile fumbo la usiku wa manane limetatuliwa humo: treni ya saa sita na dakika ishirini usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi huandikwa 24:20 ya Ijumaa, ibaki kwenye siku ambayo huduma yake ilianza. Chapisheni mafaili hayo wazi, ya treni na ya basi, kila mnapobadilisha kitu. Na wasio na simu za kisasa wabakishiwe karatasi iliyo sahihi.

Majibu ninayoyatarajia

Mtasema basi haliwezi kusubiri treni iliyochelewa, kwa sababu litachelewesha wengine mbele. Ni hoja ya haki, na ndiyo maana sisemi lisubiri bila kikomo. Wekeni kanuni, mfano dakika 7, iandikwe ubaoni. Dereva ajue, abiria ajue, na msimamizi wa stesheni awe na namba ya kumpigia dereva. Leo dereva anaiona treni inafunga breki, anawasha gari, anaondoka, kwa sababu akisubiri kwa hiari yake ataandikiwa amechelewa.

Mtasema hakuna fedha. Robo saa ya basi moja inaweza kugusa zamu ya dereva mmoja, nakubali, na huyo alipwe robo saa yake. Lakini kuandika saa kwa mtindo mmoja, kubandua karatasi za zamani, kutangaza mabadiliko mapema: hayo hayahitaji bajeti mpya.

Mtasema ofisi ni mbili na sheria zilizoziunda ni mbili. Waheshimiwa, hilo ni lenu la ndani. Sikuwahi kuulizwa kama nataka ofisi mbili.

Na yupo atakayesema kwamba ratiba ni makadirio. Hapana. Mwajiri wangu hanipokei kwa makadirio. Zahanati hairuhusu miadi ya makadirio. Mtoto akitoka shule, hatoki kwa makadirio. Mnapochapisha saa na dakika, mmetoa ahadi, na watu wanapanga siku zao juu yake.

Ninachoomba

(a) Basi la saa 1:40 lirudi kuondoka saa 1:55, na miunganiko mingine ya jioni ikaguliwe mtu akitembea kwa miguu juu ya lile daraja, si kwa kukadiria mezani.

(b) Ateuliwe mtu mmoja, kwa cheo kinachojulikana, anayewajibika kwa muunganiko wa treni na basi katika kila stesheni ambayo basi lake hupita kila baada ya nusu saa au muda mrefu zaidi. Malalamiko yaende kwake, yasirushwe.

(c) Basi la mwisho liisubiri treni ya mwisho. Hili bila kikomo cha dakika.

(d) Ratiba ibadilishwe kwa tarehe zinazojulikana, treni na basi siku moja, na itangazwe wiki nne kabla. Dharura zitangazwe kwa kipaza sauti na kwenye ubao, saa na siku zikiandikwa kwa ukamilifu: asubuhi, mchana, jioni au usiku, na usiku wa kuamkia lini.

(e) Ripoti ijayo ionyeshe miunganiko iliyofanikiwa na iliyokosekana, kwa stesheni.

(f) Anayechelewa kwa sababu yenu apewe hati ya kuthibitisha hivyo, kama wafanyavyo Japani, ambako abiria huchukua karatasi stesheni akampelekea mwajiri au mwalimu. Haigharimu ila karatasi, na ingewaokoa wengi na barua za onyo.

Ombi (b) na (e) nafahamu yanahitaji vikao. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, lililotiwa saini na ofisi zote mbili. Ombi (a) halihitaji kikao. Nitakuwa juu ya daraja Jumatatu, treni ya saa 1:38 ikiingia, pamoja na wenzangu wa kila siku. Njooni mshuke nasi. Msitangulize gari la ofisi kuwasubiri nje. Pandeni ngazi na sisi, mvuke, mpite lile geti, kisha mtuambie basi liondoke saa ngapi.

Wenu kwa heshima,

Abiria wa treni ya jioni